Siku mbili Mombasa: kula wanakokula wenyeji, na kulipa bila majuto

Ukimuuliza mtu aliyetoka likizo Mombasa alikula nini, mara nyingi atakutajia biriani ya hotelini na samaki wa ufuoni. Si vibaya. Lakini muulize mwenyeji wa Mombasa amekula nini leo. Atakwambia mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na kikombe cha kahawa tungu baada ya isha. Vyakula hivi haviko kwenye menyu yenye picha. Viko kwenye karai la mama aliyekaa barazani kwake, kwenye jiko la mishkaki kando ya barabara, na kwa mzee mwenye dele la kahawa na vikombe vyake vidogo.

Hapo ndipo habari ya chakula inapokutana na habari ya pesa kwenye simu yako. Wauzaji hawa huuza kidogo kidogo: shilingi kumi, ishirini, hamsini, mia. Wengine wana Till. Wengine hupokea kwa nambari ya simu tu. Wengine hawataki simu kabisa, na wana sababu zao. Mgeni wa siku mbili asiyejua tofauti hizi hupitwa na chakula kizuri, au hulipa makato yanayokaribia bei ya chakula chenyewe, au, mbaya zaidi, hutuma pesa kwa mtu asiyemjua.

Makala haya yanakuonyesha mahali pa kula na jinsi ya kulipa. Mifano ya makato tumeitoa kwenye M-Pesa kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi, lakini mazoea tunayoyaeleza yanafaa kwa huduma yoyote ya pesa kwa simu.

"Simu sipokei, mwanangu"

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Safari moja niliamka mapema, nikatembea hadi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Nilikuwa na pesa za kutosha kwenye simu na sikuwa na hata shilingi moja mfukoni. Sikujali. Siku hizi nani anatembea na keshi?

Nilimkuta mama mmoja mwenye karai la mahamri, sufuria ya mbaazi za nazi na birika la chai. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba, karibu mwanangu." Nikala mahamri manne, bakuli la mbaazi na chai ya maziwa. Mbaazi zilikuwa zimeiva hadi zinayeyuka, na mahamri yananukia iliki. Nilipomaliza nikatoa simu.

"Mama, Till yako ni nambari gani?"

"Sina Till. Na simu sipokei, mwanangu. Nipe mkononi."

Nilishtuka. Akanieleza bila kukasirika. Jioni moja vijana walikula kwake, wakatuma pesa, ujumbe ukaingia. Baadaye pesa zikazuiliwa, kwa sababu aliyetuma alidai ametuma kimakosa. Siku nyingine mteja alimwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake mwenyewe, akaondoka, na pesa hazikuingia kamwe. "Mimi biashara yangu ni ya shilingi kumi," akasema. "Ukinichukulia mia tatu, umenichukulia unga wa kesho."

Nikabaki nimesimama na simu mkononi kama mtu aliyeshika funguo za nyumba ya jirani. Yeye ndiye aliyeniokoa. "Nenda ukatafute wakala. Utaleta." Hakuniuliza jina wala hakuniambia niache kitu.

Wakala wa kwanza alikuwa hajafungua. Wa pili hakuwa na keshi. Kwa wa tatu nikatoa 500 na kukatwa 29. Deni langu lilikuwa 120. Nilirudi baada ya karibu nusu saa, jua limeshapanda, nikamkuta anakunja kitambaa chake. Akapokea, akanipa chenji, akasema tu, "Ahsante, karibu tena."

Zile shilingi 29 zingeninunulia mahamri mengine mawili. Lakini si hilo lililonikaa kichwani. Mama yule alikuwa amekopesha mgeni asiyemjua, ilhali wageni waliotangulia walikuwa wamempa kila sababu ya kukataa. Tangu siku hiyo naamini kwamba kujua kulipa vizuri ni sehemu ya kujua kusafiri.

Kabla hujaondoka: toa pesa mara moja, ukitaka noti ndogo

Tuanze na hesabu. Kwenye M-Pesa, kutoa kiasi chochote kuanzia 101 hadi 2,500 kwa wakala hukatwa shilingi 29. Sasa fikiria mgeni anayetoa 200 kila akikwama, mara tano kwa siku mbili. Atakuwa ametoa 1,000 na kukatwa 145. Mwenzake aliyetoa 1,000 mara moja amekatwa 29. Tofauti ni 116, na hiyo ni kifungua kinywa chake kizima pale Kibokoni.

Kwa hiyo toa mara moja, ukiwa bado nyumbani au ukifika tu mjini. Mwombe wakala noti za hamsini na za mia, na sarafu akiwa nazo. Noti ya elfu moja saa moja asubuhi kwa muuza mahamri ni usumbufu kwenu nyote wawili, kwani yeye ndiye anaanza siku na hana chenji.

Pesa nyingine ziache kwenye simu. Kutuma hadi shilingi 100 kwa nambari ya mtu hakuna makato. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 7, na kuanzia 501 hadi 1,000 ni shilingi 13. Viwango hivi hubadilika serikali inapobadilisha ushuru, basi viangalie kwenye programu ya simu yako kabla ya safari.

Ukija kwa treni ya Madaraka Express, tiketi huagizwa kwa *639# na kulipiwa kwa simu. Nauli ya ekonomi kutoka Nairobi ilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kumbuka kwamba kituo kiko Miritini, nje ya mji, hivyo weka kando nauli ya matatu ya kukufikisha kisiwani. Kondakta wa matatu atafurahia pesa taslimu.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka: ikiwa umejisajili na Fuliza, angalia salio lako kila asubuhi. Salio likipungua, malipo bado yanaweza kupita kwa mkopo, na mkopo huo una gharama hadi uulipe. Mtu anaweza kula viazi karai vya deni siku mbili bila kutambua, kwa sababu kila malipo yalikuwa madogo.

Siku ya kwanza: kisiwani kwa miguu

Asubuhi nenda Mji wa Kale. Wageni wengi hufika Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wakapiga picha na kuondoka. Wewe ipite, uingie vichochoro vya Kibokoni na Kuze. Tafuta mahali ambapo watoto wametumwa na mabakuli kununua mbaazi. Foleni ya watoto wenye mabakuli ndiyo tangazo la kuaminika zaidi. Mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi. Ukifika saa nne huenda ukakuta karai limeoshwa.

Salimia kwanza, kisha uulize bei, na kabla hujakaa uliza hivi: "Mnapokea kwa simu?" Sentensi hiyo moja ingeniokolea nusu saa.

Karibu na adhuhuri ingia Marikiti, soko la viungo, mboga na matunda pembeni mwa Mji wa Kale. Iliki, mdalasini, bizari, karafuu, pilipili manga: vyote hupimwa mbele yako. Usinunue bado. Zunguka, onja, uliza bei, utarudi kesho ukijua unachotaka.

Chakula cha mchana kitafute Bondeni au Mwembe Tayari, kwenye mikahawa midogo ambapo wafanyakazi wa maduka na madereva wa tuktuk hula. Omba wali wa nazi na samaki wa kupaka, yaani samaki aliyechomwa kisha akapakwa rojo la nazi lenye ukali wa ndimu. Ikiwa ni Ijumaa, uliza pilau au biriani, na uende mapema. Ukumbuke pia kwamba Ijumaa maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa wakati wa swala ya mchana. Usigonge mlango, subiri wafungue.

Mikahawa ya aina hii mara nyingi ina Till iliyobandikwa ukutani au kwenye kaunta. Hapa lipa kwa simu bila wasiwasi, maana ukilipa kwa Till wewe mteja hukatwi kitu. Zihifadhi noti zako ndogo za jioni.

Alasiri jua likipoa, panda tuktuk hadi Mama Ngina, mahali ambapo wenyeji wengi bado hupaita Lighthouse. Patana na dereva bei kabla hujaingia. Pale Mama Ngina pana mibuyu mikubwa, upepo wa bahari, na meli zikipita karibu sana kuelekea bandari ya Kilindini. Familia za Mombasa huja hapa jioni, hasa wikendi, na hula vitu vitatu: mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, kachri za mihogo zilizokaangwa papo hapo, na madafu. Ukimaliza maji ya dafu mrudishie muuzaji akupasulie, ule ile nyama laini ya ndani. Usiogope kuomba, kila mtu hufanya hivyo.

Jioni rudi Mji wa Kale, kwa kuwa sasa ndipo barabara zinapoamka. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye rojo la unga lenye rangi ya manjano, kisha vikakaangwa. Huliwa na ukwaju au chatini ya nazi. Kando yake utakuta bhajia na mishkaki inayogeuzwa juu ya makaa. Ukimkuta muuza pweza, omba kipande kidogo na kikombe cha supu yake. Anayekula pweza mara ya kwanza hutafuna kwa mashaka, kisha huomba kipande cha pili.

Funga siku kwa kahawa tungu. Mzee huimimina kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa, kwenye kikombe kisicho na mkono. Haina sukari wala maziwa. Utamu unatoka kwenye kashata, halua au tende unayotafuna pembeni. Wazee wa baraza hukaa nayo saa nzima wakijadili siasa na mpira. Ukisalimia na kukaa kwa adabu, watakusogezea nafasi. Kwa kikombe cha shilingi chache, tumia sarafu. Kumtumia mzee shilingi ishirini kwa simu, kisha yeye aanze kutafuta miwani asome ujumbe, si kumsaidia.

Ukija mwezi wa Ramadhani, mpangilio hugeuka. Mchana wauzaji wengi wa barabarani hawapo, na si adabu kula ukitembea. Lakini ikikaribia magharibi meza hujaa kaimati, sambusa, vitumbua na mikate ya kila namna. Kwa mpenda chakula, huenda hiyo ndiyo wiki bora ya kuja.

Siku ya pili: kuvuka, kisha kununua

Asubuhi nenda kivukoni Likoni. Kwa mtu anayetembea kwa miguu feri ni bure. Wanaolipa ni wenye magari. Hii ni safari ya dakika chache ambayo wakazi wengi wa kusini mwa kisiwa huifanya kila siku wakienda kazini, na hakuna namna bora ya kuuona mji ukiamka. Ng'ambo utakuta wauzaji wa samaki wa kukaanga, mihogo ya nazi, chapati na maharagwe. Kula, pumzika, rudi.

Tahadhari moja: mlango wa feri una msongamano mkubwa. Maliza malipo yako yote kabla ya kuingia kwenye umati, uitie simu ndani, mfuko wa mbele. Umati si mahali pa kubonyeza PIN.

Ukipenda masoko makubwa kuliko bahari, badala ya Likoni vuka daraja la Nyali uende Kongowea. Ni soko la jumla, lenye kelele na matope msimu wa mvua. Maembe, nazi, ndizi na nyanya hushushwa hapa kwa malori. Humwendei Kongowea kwa picha nzuri; unaenda kuona chakula cha Mombasa kinakotoka kabla hakijafika kwenye karai.

Mchana rudi kisiwani ukanunue zawadi. Biashara Street ndiyo mtaa wa leso. Leso huuzwa mbili mbili, na kila moja ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Soma kabla ya kununua. Kuna majina ya mapenzi, ya dua, na ya kumchamba jirani. Usimpelekee mama mkwe leso ya vijembe. Kisha rudi Marikiti uchukue viungo ulivyovichagua jana. Kwa safari ya kurudi nunua mkate wa sinia, ule wa mchele na nazi, pamoja na achari ya maembe na ubuyu. Funga achari vizuri. Mafuta yake hayatoki kwenye nguo.

Manunuzi ya siku hii ni makubwa kuliko ya jana, kwa hiyo hapa ndipo njia ya kulipa inapoanza kuwa na uzito.

Njia nne, na tofauti zake

Muuzaji akikwambia "nitumie", muulize, "Ni Till, Pochi, Paybill au nambari ya kawaida?" Si swali la kujionyesha. Kila njia ina tabia yake.

*Till.* Unaingia Lipa na M-Pesa, kisha Nunua Bidhaa na Huduma. Wewe hukatwi. Mwenye biashara ndiye hukatwa asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi shilingi 200. Kwa leso na viungo, hii ndiyo njia nafuu kwako.

*Pochi la Biashara.* Ni nambari ya simu ya muuzaji, lakini pesa huingia kwenye pochi ya biashara, si kwenye salio lake la nyumbani. Wewe hukatwa kama unayemtumia mtu, na huwezi kuzirudisha peke yako bila muuzaji kukubali. Kwa muuza viazi karai hiyo ni kinga, na ndiyo sababu wengi wameipenda.

*Nambari ya kawaida ya simu.* Ni Tuma Pesa. Hadi 100 hakuna makato. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, maana tarakimu moja ikikosewa pesa zinakwenda kwa mtu mwingine kabisa.

*Paybill.* Hii ina nambari ya biashara na nambari ya akaunti. Utaikuta zaidi kwenye nyumba za wageni na tiketi kuliko kwa wauza chakula. Ukikosea akaunti, pesa hufika kwa kampuni sahihi lakini kwenye jina la mtu mwingine, na kulirekebisha huchukua muda.

Kwa njia zote nne, jina la mpokeaji hutokea kabla malipo hayajakamilika. Usilipite. Lisome kwa sauti: "Mama, naona jina la mtu fulani, ndiye wewe?" Mara nyingi atakwambia ni jina la mwanawe au la mumewe, kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chao. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni muuzaji mwenyewe kukaa kimya au kusema hajui jina hilo. Hapo simamisha.

Na data ikiisha? Usihangaike kutafuta wi-fi. *334# hufanya kazi bila intaneti, mradi tu mtandao wa simu upo.

Ukikosea, na wakikuchezea

Umetuma kwa nambari isiyo sahihi? Fanya haraka. Chukua ule ujumbe wa uthibitisho wote kama ulivyo, uutume kwenda 456. Usisubiri ufike hotelini. Aliyezipokea akishazitoa, kuzipata tena ni kazi ngumu. Usianze kumpigia kwa matusi pia. Watu wengi wakiombwa kwa heshima hukubali.

Upande wa pili, unaweza kupigiwa na mtu akisema, "Ndugu yangu, nimekutumia elfu mbili kimakosa, nirudishie." Wageni hunaswa hapa kwa sababu siku hiyo wamefanya malipo mengi na ujumbe umejaa kwenye simu. Angalia salio lako kwanza, si ujumbe. Kama kweli pesa zimeingia, mwambie afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia kampuni ya simu. Wewe usitume chochote kutoka kwenye salio lako. Akijifanya mfanyakazi wa kampuni, kumbuka kwamba Safaricom huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000, na hata hapo hakuna mfanyakazi halali atakayekuuliza PIN.

Na muuzaji naye?

Miongozo mingi humfundisha mteja kujilinda, ikaishia hapo. Lakini mama wa Kibokoni hakuacha simu kwa sababu ya ushamba. Aliiacha kwa sababu wateja walimfundisha kuwa ujumbe si pesa.

Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea kweli. Mtu anayekula, akalipa, kisha akadai amekosea nambari, anaiba kama yule aliyekimbia bila kulipa. Tofauti ni kwamba aliyekimbia angalau alionekana. Na hasara yake haimwishii muuzaji mmoja. Muuzaji akiumia mara mbili hurudi kwenye keshi, na mteja mwaminifu anayekuja kesho ndiye atakayezunguka mtaa mzima akitafuta wakala.

Kwa hiyo ukilipa kwa simu, fanya mambo matatu madogo. Mwambie jina lako, ili alitambue ujumbe ukiingia. Kaa hapo hadi simu yake ilie, hata kama wewe umeshapata uthibitisho. Mtandao ukichelewa, mcheleweshane pamoja. Na akikuomba keshi, mpe keshi bila kumhubiria. Ukiwa na subira na yeye ana nafasi, mweleze kuhusu Pochi kama unavyomweleza mama yako mwenyewe, kisha umwachie uamuzi.

Kabla hujafunga begi

- Toa 1,000 hadi 2,000 mara moja, kwa noti ndogo. Makato ni 29, mara moja tu.
- Barabarani na kwa kahawa, tumia keshi. Mkahawani, dukani na sokoni, uliza Till.
- Uliza "mnapokea kwa simu?" kabla ya kula, si baada ya kula.
- Soma jina, ndipo uthibitishe.
- Usiondoke kabla muuzaji hajapata ujumbe wake.
- Ukikosea, tuma ule ujumbe kwenda 456 hapo hapo.

Safari iliyofuata nilipita tena Kibokoni, safari hii nikiwa na mfuko uliojaa sarafu. Mama alikuwa pale pale. Kando ya sufuria ya mbaazi palikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nene nambari ya simu, na chini yake neno moja: Pochi. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka. "Mwanangu wa pili alinisajilia. Anasema kwa hii hawanichezei."

Nilikuwa na keshi, lakini siku hiyo nikalipa kwa simu. Nikamtajia jina langu, nikasubiri. Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa msumarini. Akaisoma polepole, akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali.

"Imeingia," akasema. "Kaa, nikuongeze chai."